Majani Yasiyochoka

Juma lililopita niliketi viti vya nyuma darasani, chini ya jukwaa la kiwanja, ambako watunza viwanja wa Kisangani walikuwa wanafundishwa kazi ya kutunza majani ya plastiki. Mwalimu alieleza vizuri jinsi ya kuyapiga burashi na kuyaongezea mchanga. Ndipo papa mmoja, mzee wa mtaa wa Mangobo, aliyekata majani ya kweli kwa panga miaka yake yote, akainua mkono.

"Mwalimu, hii majani inapumuzikaka siku gani?"

Darasa zima lilicheka.

"Bon, papa, hii haichokaka. Batu bataicheza kila siku, kila saa."

 Saa sita mchana tulipotoka kuyaona, papa alivua viatu, akasimama katikati ya kiwanja muda wa kusalimiana tu. Aliporudi aliinua mguu na kumwonyesha mwalimu wayo uliokuwa mwekundu kwa joto la plastiki.

"Batoto yetu banachezaka bila viatu," alisema polepole. "Donc saa hii ndiyo ya kupumuzika."

Mwalimu aliinama, akaandika saa hiyo daftarini.

Hata mimi nilikuwa nimecheka darasani. Nilikuwa nimevaa viatu.