Mpishi wa Mabela aliyetaka kukatwa ili aaminiwe

Saa tatu asubuhi, jikoni Mabela, pembezoni mwa Muscat, kijiko kinazama kwenye masala ya biriani na kutoka kikifuka moshi, lakini hakiendi kinywani mwa mpishi. Bakhita anampa wifi yake, Jumana.

"Chumvi imekaa?"

"Imekaa, wifi. Tia ndimu kidogo."

Bakhita, mama wa makamo ambaye wazee wake walitoka Unguja, hupikia watu wa mji huo harusi na hitima. Mpishi asiyeonja chakula chake! Analijua hilo kabla hujalisema, na uso unamshuka.

Alitolewa mfuko wa nyongo miaka mitatu iliyopita, akadhani kwisha habari. Maumivu yakarudi. Akila cha mafuta, kitu humbana chini ya mbavu za kulia mpaka anakaa sakafuni. Vipimo vya damu na picha vilitoka safi, na ndugu wakaanza kunong'ona kwamba anadeka. Akawa anameza kwa siri vidonge vya kodeini, dawa kali ya maumivu, alivyoletewa na jamaa msafiri.

Fedheha yenyewe ilimkuta mtaa wa Qurum, mwezi wa Shawwal, kwenye harusi ya binti wa Bi Zakiya. Mama huyo alipakua sahani kwa mkono wake na kumwita mpishi mbele ya wageni, aonje wa kwanza, kwa heshima. Bakhita aliiona samli inavyong'aa juu ya wali, akaogopa.

"Nikasema nimefunga sita zangu za sunna," anasimulia, macho chini. "Wallahi sijui yalinitoka vipi."

Bi Zakiya alifurahi mno. Alimshika mkono na kumsihi amwombee binti yake, kwani dua ya aliyefunga ina uzito. Bakhita akanyanyua mikono, na wanawake wote sebuleni wakaitikia amin.

Haukupita muda, shangazi wa bibi harusi aliingia jikoni kuchukua barafu. Alimkuta Bakhita na kidonge mdomoni, glasi ya maji mkononi. Alirudisha mlango taratibu.

"Bora angenitukana," anasema Bakhita. "Mie nilitamani ardhi inimeze."

Simu za wateja zikapungua. Hapo ndipo alipokwenda kwa daktari wake, Samir, na ombi moja tu. Alisikia kuna mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi kwenye msuli mdogo unaofungua na kufunga mrija wa nyongo, na msuli huo hukatwa.

"Nilitaka kitu cha kuwaonyesha watu. Mtu akikatwa, nani atasema anajisingizia?"

Daktari alimkumbusha kwamba mpira hauachi hata alama kwa nje. Kisha akamweleza polepole. Vipimo vikionyesha kwamba nyongo imezuiwa, kukata husaidia wengi. Kwa wenye vipimo safi kama yeye, utafiti haukuona waliokatwa wakipata nafuu kuliko wasiokatwa, na kongosho linaweza kuvimba vibaya. Akapendekeza waanze na milo midogo isiyo na mafuta mengi na dawa ya kulegeza msuli. Mwisho akamuuliza hutumia nini kutuliza maumivu.

Bakhita alitoa vidonge mkobani huku uso umemwiva kwa haya. Kodeini, akaambiwa, huubana msuli uleule.

"Kumbe najibana mwenyewe!" anasema. "Nnaficha dawa, na dawa ndo inanimaliza."

Ameiacha, kwa uangalizi wa daktari. Maumivu hayajakoma, ila sasa huja kwa kuachana, na mengine hupita kabla hajakaa chini. Vipimo vikibadilika, suala la mpira litazungumzwa upya. Cha kuwaonyesha watu bado hana, na hilo linamuuma.

Ijumaa hii anakusudia kwenda Qurum, mikono mitupu, bila sufuria.

"Ntamwambia Bi Zakiya sikuwa nimefunga. Asiponipa kazi tena, sawa. Lakini ajue mwanawe nilimwombea kwa moyo wangu wote. Siku ile, dua peke yake ndo ilikuwa ya kweli."