Ukurasa Alioukubali Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu hakukuwa na mtoto wa shule pale jirani ambaye hajawahi kusimama mbele yake, mikono juu, akipimwa kiuno. Darasani walimwita Shangazi, maana alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko wote, mwalimu akiwemo. Mtu mmoja tu alimwita mdogo wangu, naye ni dada yake; walikuwa chanda na pete tangu utotoni.

Kwenda kusomea utengenezaji wa tovuti kulimjia kwa hasira. Shule moja aliyoishonea sare miaka nenda rudi ilimhama ghafla, ikampa kazi kijana mmoja eti kwa kuwa "anaonekana mtandaoni". Fundi alizishika sare za huyo kijana kwa mkono wake mwenyewe. Pindo zilikuwa zinafumuka kwa kutazamwa tu! Lakini kwenye picha zilipendeza, na mwalimu mkuu alinunua picha. Basi Fundi akawa anafunga kibanda mchana, anapanda ngazi za chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, anaketi mbele ya kompyuta iliyochoka na kujifunza kupanga maneno na picha. Harufu ya rangi ya mafuta ilipanda kutoka chini na kukaa humo darasani kama mwanafunzi mwingine.

Dawati moja aliketi na binti mmoja waliyemwita Chiriku. Jina lilimkaa sawasawa, kwani alikuwa akiongea hata akipiga mswaki, nadhani. Ndiye aliyemfundisha Fundi kushika kipanya, ndiye aliyemwokolea kazi zake kila aliposahau kuzihifadhi, na Fundi naye akawa anamkazia vifungo na kumpunguzia magauni bila kumdai kitu. Walipendana kweli, mtu asije akasema vingine.

Siku moja mwalimu aliweka kwenye ukuta sentensi moja: "Ameondoka asubuhi." Juu yake akatia picha ya msichana mwenye sanduku, anacheka. Darasa likasema safari njema. Akaitoa, akaweka kitanda cha hospitali kilichotandikwa, hakina mtu. Mmoja akanong'ona, maskini. Akaweka tena tundu la ndege, mlango wazi, na Chiriku akacheka mpaka akajifuta macho.

"Neno sikuligusa," mwalimu akasema. "Nimegusa kilicho jirani yake. Sasa niambieni, maana ilikuwa inakaa wapi?"

Wanafunzi walibishana mpaka feni ikaonekana inataka kuchangia. Mmoja alisema maana iko kwenye picha, mwingine akasema iko kwa msomaji mwenyewe. Fundi hakuchangia. Aliona ni michezo ya watu wenye nafasi, na kichwani alikuwa anawaza vifungo vya wateja wa kesho.

Kazi waliyopewa baada ya hapo ilikuwa hivi: kila wawili wahojiane, kisha kila mmoja atengeneze ukurasa wa maisha ya mwenzake. Chiriku akaenda kibandani na simu yake, akaiweka juu ya marobota ya vitambaa na kuanza kurekodi. Siku hiyo Fundi alisema sana. Alikuwa anashona huku anasimulia, mguu kwenye kanyagio, na kila alipofika kwenye kichekesho alisimamisha cherehani ili acheke vizuri. Mwishoni akampa picha aliyoipenda kuliko zote: yeye katikati, ameinamia cherehani, na dada yake amesimama pembeni kabisa, amevaa gauni la bluu alilomshonea yeye.

Baada ya siku chache Chiriku akamwita kwenye kompyuta kubwa ya mwalimu. Picha ilikuwa imetanda juu ya ukurasa, ndugu wote wawili wakionekana, rangi zimetulia. Chini yake palikuwa na maandishi makubwa yasiyosomeka, silabi zimekusanywa tu kama za mtoto anayejifunza kusema.

"Mbona sielewi kilichoandikwa?" Fundi akauliza.

"Hayo ni ya kujazia tu, Shangazi. Tunayaweka ili kuona nafasi, yako ya kweli yataingia baadaye. Wewe tazama umbo."

Fundi akatazama umbo. Mtu ambaye kila siku anawakatalia wateja wasiseme nguo imewakaa ikiwa bado ina pini, akasahau sheria yake mwenyewe. Akapiga makofi.

"Umenipamba kweli, mwanangu. Iweke hewani!"

Hivyo ndivyo alivyouziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia akalifunga mwenyewe.

Mwalimu aliupenda ukurasa ule, akauweka mbele kabisa kwenye tovuti ya chuo. Watu wakaanza kuutumiana. Fundi alikuwa anapima mabega ya mteja pale binti wa dada yake alipoingia kibandani bila hata salamu.

"Mama mdogo, umemfanya nini mama?"

"Nimemfanya nini?"

Binti akamnyooshea simu. Kwenye ile skrini nyembamba picha ilikuwa imejikata pembeni ili ienee. Dada hayupo. Yuko Fundi peke yake, ameinama, uso wa mtu anayeomba. Chini yake, kwa herufi nene: "Dada aliondoka. Nikabaki na cherehani."

"Kikundi chao kizima cha akina mama kimeiona," binti akasema. "Kuna aliyemuuliza mbele ya watu, kumbe ulimtelekeza mdogo wako? Mama ameacha kula. Hataki kukusikia."

Fundi aliurudisha utepe shingoni. Dada yake, mama yao alipofariki, aliacha shule na kwenda mji mwingine kufua mashuka ya hospitali, mpaka vidole vikachubuka visipone. Alifua ili mdogo wake asiende kutumwa majumbani mwa watu. Mchumba alikuja, akaambiwa asubiri, akachoka kusubiri. Leo huyo ndiye aliyetelekeza mtu? Fundi alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mteja alijipimia mwenyewe akaondoka.

Hasira zikampandisha zile ngazi za chuo kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameusahau.

"Umeniuza," alimwambia Chiriku mbele ya darasa. "Nimekufungulia moyo wangu, wewe ukaenda kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

Chiriku aliinuka kitini. "Shangazi, picha sikuikata mimi. Simu ni nyembamba, ukurasa unapunguza pembeni wenyewe. Nilisahau kuijaribu kwenye simu."

"Na kichwa cha habari? Nacho kilipunguzwa na simu?"

"Hicho nilikiweka mimi." Sauti ikashuka. "Nilitaka mtu akiona asipite. Lakini maneno ni yako, sikuongeza hata moja. Na wewe ulikubali."

"Nilikubali rangi! Nilikubali silabi zisizo na kichwa wala miguu!"

Mwalimu akaingilia, mpole, kama mtu aliyeona mfano mzuri ukitembea kwa miguu yake. "Shangazi, pole sana. Lakini kwa kweli hili ndilo tulilokuwa tunalijadili, jinsi chombo kinavyo..."

"Mwalimu," Fundi akamkatiza, "hicho mnachokijadili ni dada yangu."

Darasa likainamisha macho. Fundi akamgeukia tena Chiriku. Kilichomuuma si kosa, maana makosa hata yeye alikuwa akifumua na kushona upya. Kilichomuuma ni kwamba huyu mtoto alikaa pale kwenye marobota, akaitikia "ehe, ehe" kwa upole ule, huku anatafuta sentensi ya kuuza.

"Nilikwambia kwa nini aliondoka," akasema. "Nilikwambia alikwenda kufua. Nilikwambia vidole vyake. Umevikata."

"Sikukata, Shangazi."

"Umekata!"

"Nakutumia sauti yote," Chiriku akasema, machozi yakimlenga. "Yote, kama ilivyo. Na ukurasa nautoa sasa hivi."

Sauti ikaingia kwenye simu ya Fundi kabla hajashuka ngazi. Hakuifungua. Angesikiliza nini, na maneno ni yake? Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, ameishika ile simu mkononi kama mtu aliyeshika mkono wa shahidi wake.

Dada alikuwa anapiga pasi. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Alisogeza tu rundo la nguo kutoka kwenye kiti, na kutoka kwake hiyo ilikuwa rehema kubwa.

"Dada, sikusema vile. Yule mtoto amenigeuka, ameyapanga maneno yangu apendavyo. Ukurasa umetolewa. Lakini sitaki uniamini kwa mdomo, nataka usikie mwenyewe nilichosema, mwanzo mpaka mwisho."

"Wewe unasema maneno si yako?"

"Ni yangu, lakini yamekatwa. Sikiliza."

Dada akasimamisha pasi. Fundi akabonyeza.

Cherehani ikasikika kwanza, kisha sauti yake mwenyewe, changamfu kuliko alivyoikumbuka. "Dada aliondoka, nikabaki na cherehani. We! Hakuna aliyenifundisha, mwanangu, nilijifundisha mwenyewe." Kicheko. Ikaja habari ya shati la kwanza, lililokuwa na mkono mmoja umegeuzwa. Dada akatabasamu kidogo, maana shati lile alilijua. Fundi akapata nguvu.

"Inakuja," akasema, kidole juu.

Zikaja habari za mteja wa kwanza. Ikaja namna alivyopata kibanda, alivyobishana na mwenye kibanda, alivyomshinda. Nikafanya hivi, nikafanya vile. Mimi, mimi, mimi. Chiriku anaitikia "ehe."

"Subiri, ni hapo mbele."

Dada alisubiri. Alikunja mikono kifuani, vile vidole vyake vimejificha kwapani, akasikiliza kwa umakini wa mtu anayetaka sana kuonyeshwa kuwa amekosea. Ikaja shule iliyomhama. Ikaja kijana wa mtandaoni, na Fundi wa kwenye simu akamsema huyo kijana kwa kirefu, kwa madoido, mpaka Chiriku akacheka. Fundi wa kwenye kiti hakuwa anacheka. Alikuwa ameanza kuitazama ile simu kwa woga. Alikuwa na hakika kwamba alisema. Alilijua lile neno lilivyokaa mdomoni mwake, kwa kuwa amelibeba moyoni maisha yake yote.

"Asante sana, Shangazi," sauti ya Chiriku ikasema. Kukawa na mkwaruzo, kisha kimya.

Pasi ilikuwa imeanza kupoa. Mahali fulani jirani mtoto aliitwa akaoge, akakataa.

"Imeisha?" dada akauliza.

Fundi alifungua mdomo amtaje Chiriku, akakosa pa kumtajia. "Imeisha."

Dada akachukua shati lililofuata, akalitandaza, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Hukumwambia hata nilikokwenda," akasema.