Ndunge Aliyeuza Mwanzo wa Kiondo

Everlyn Ndunge wa Mbaluka. Mbaluka ndiye aliyechimba kisima cha Kwa Ndeto kwa jembe moja, akaacha hata waliomsema vibaya wachote. Mama yake Mbaluka alikuwa Kaindi, ambaye mwaka wa ile njaa kubwa alisuka viondo, vile vikapu vyetu, akavibeba mgongoni kwa miguu hadi Nairobi, akarudi na unga. Kaindi nilimwona kwa macho haya. Na mama yake Ndunge ni dada yangu, tumbo moja.

Ndunge alirithi vidole vya nyanya yake. Alikuwa na nusu ya kibanda Ngara, hapa Nairobi, ghorofani, na nusu ile nyingine ilikuwa ya Were, kijana wa kuuza kava za simu. Kila alasiri Ndunge aliegemeza simu kwenye kopo la majani chai, akajipiga video akisuka, mikono tu, uso hapana. Watu wakamfuata huko mtandaoni mpaka ungewakusanya wangejaza uwanja wa mpira. "Woooi, mikono ya dhahabu!" wanaandika. "Bei gani?" Akiwajibu elfu tatu na mia tano, kimya.

"Mathe," Were alikuwa akimchokoza, "mashabiki wako ni kama mvua ya Ngong. Unaiona ikinyesha kule, na wewe hapa umekauka."

"Uza kava zako, baba."

Lakini moyoni hakuwa akicheka. Mwenye jengo alikuwa amewaambia kwamba Januari kibanda kitakuwa cha mtu mmoja, yule mwenye wateja. Akikosa, Ndunge angerudi kwetu Mwala kulima mbaazi, na katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyebaki akisuka; mimi mwenyewe niliacha vidole vilipokakamaa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alikuja kwangu Kangemi na simu yake.

"Mwaitu," akasema, maana kwetu dada ya mama ni mama, "sikiza hawa. 'Nilijaribu kusuka nikashindwa pale mwanzo.' Huyu naye, mwanzo. Na huyu."

Nikamwambia hiyo si ajabu. Mwanzo ndio kitako cha kiondo, na ndicho kigumu. Kwetu msichana hajianzishii. Mama au nyanya humwanzishia, akampa mkononi, yeye akaendelea.

"Basi nitawaanzishia. Kitako kikubwa kama kisahani, na uzi wa kumalizia kiondo kidogo. Shilingi mia mbili."

"Mwanzo hauuzwi, Ndunge! Uliona wapi?"

"Sijaona, Mwaitu. Lakini hawa nyanya zao wako wapi?"

Nikamrudishia simu yake, nikamwambia hiyo ni aibu. 

Alipotangaza, nilienda Ngara mwenyewe nikaone hiyo aibu. Mungu wangu! Watu walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi hadi chini barabarani. Wasichana wa maofisi ya Kilimani na kucha zao ndefu, soja wa kulinda benki, dereva wa teksi aliyeacha gari likipigiwa honi. Kila mmoja alikipokea kitako kwa mikono miwili, kama anapewa mtoto. Nimeishi katika jiji hili tangu enzi za askari kuwafukuza mjini wanawake wetu wenye viondo, kama kuku. Sikudhani ningeona jiji likipanga mstari kwa ajili ya kamba za makonge.

"Mathe, watu wako wananizibia duka!" Were akalia.

"Si uwauzie chaja wakisubiri?"

Akawauzia.

Baada ya wiki chache walianza kurudi na walichosuka. Vingine vilikuwa vimepinda kama chungu kilichokanyagwa na ng'ombe. Ndunge hakumcheka mtu. "Kaa hapa," anasema, na kukaa nako kukawa na bei yake, ndogo tu, kila Jumamosi. Na ajabu kuu ni hii: wale wale waliokimbia elfu tatu na mia tano sasa waliagiza viondo vikubwa, vya mama mkwe, vya harusi, bila kubishana. Aliyeumia vidole haulizi tena kwa nini kitu ni ghali.

Januari mwenye jengo alipanda ngazi, akakuta stuli zimejaa mpaka koridoni. Hakuuliza kibanda ni cha nani. Ndunge ndiye aliyemwombea Were abaki kwenye kona yake.

Lakini mikono ni miwili, na maombi ya vitako yalizidi kuja. Jumamosi iliyopita nikiwa pale, Ndunge alimwita Peres, karani wa Kilimani, binti wa Siaya, si wa ukoo wetu, ambaye kiondo chake cha kwanza kilikuwa na tundu la kupitisha panya. Nilidhani anamtuma chai. Akamwekea nyuzi mapajani.

"Mama, mimi?" Peres akasema, akinitazama kwa woga. "Na huyu mama wenu amekaa hapa?"

"Yeye atakurekebisha ukikosea. Kuanzia leo wewe ndiye wa kuwaanzishia wageni. Kaza hapo katikati, uinue kwenye dirisha. Ukiona mwanga unapita, fumua."