Neno Tulilolifunika kwa Kanga

Habari za kifo chake zilifika kiwandani kabla hatujaanza kubangua korosho. Msimamizi alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema yule mama wa meza ya dirishani amefariki alfajiri nyumbani kwake Magomeni, hapahapa Mtwara mjini, na atazikwa kwao Mahurunga baada ya swala ya adhuhuri. Hakuna aliyepiga kelele. Tulinawa majivu vidoleni, yale tunayopaka ili mafuta ya ganda la korosho yasituunguze, tukatoka na kanga zetu. Jioni, wanawake waliomwosha walitusimulia kwamba weusi wa korosho uligoma kutoka kwenye vidole vyake. Amezikwa nao.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba maneno yangu ni machache, na hayo machache nayaandika polepole. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tulikaa meza moja tu, basi. Lakini kama si yeye, mimi leo nisingekuwa na kazi, na mtoto wangu angelelewa kwa kuombaomba kwa majirani.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu huku mwanamke haitangazi mimba, na mbele ya mwanaume asiye wake ndiyo kabisa. Anafunga kanga mbili, anasema anajisikia vibaya kidogo, na wenye akili wanaelewa. Nami nikafanya hivyohivyo. Siku moja msimamizi, huyuhuyu aliyevua kofia, alisimama mbele ya meza yetu akaniambia, “Binti, naona umekuwa mzito. Kapumzike nyumbani, tutakuita.” Niliitikia, nikaenda. Nilingoja kuitwa mpaka nikachoka. Niliporudi kuuliza, kiti changu kilikuwa na mtu mwingine, na ofisini nikaambiwa nimeacha kazi mwenyewe.

Yule mama ndiye aliyenipeleka kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Njiani alinieleza kwamba sheria inamkataza mwajiri kumtoa mtu kazini kwa sababu ya mimba, kama inavyomkataza kumtoa kwa dini yake au kwa alikozaliwa. Sikuwa nimewahi kusikia. Nilidhani kiti ni chao, wanampa wamtakaye.

Mbele ya msuluhishi, msimamizi alijibu kwa utulivu. “Sisi hatukumbagua. Hatukujua kama ana mimba. Yeye mwenyewe alisema anajisikia vibaya, kisha hakuonekana.” Msuluhishi akanigeukia. “Uliwaambia una mimba?” Nilitazama sakafu. Heshima niliyofundishwa nyumbani ilikuwa imegeuka kuwa utetezi wao.

Mama aliomba kusema. “Mheshimiwa, mimi nilikuwepo mezani. Kwetu mambo haya hayasemwi mbele ya mwanaume, na mimi leo nayasema, Mungu anisamehe. Huyu binti alikuwa na mimba, na tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele.” Kisha akamgeukia msimamizi. “Wewe baba una mke na watoto. Ulipomwambia amekuwa mzito, ulidhani amemeza boga?”

Karani alicheka, akajifanya anakohoa.

“Mimi nilikuwa namhurumia tu, mama,” msimamizi alisema. “Kazi ile kwa hali yake…”

“Hali gani, baba?”

Msuluhishi aliweka kalamu chini. “Kwa hiyo ulijua,” akasema.

Nilirudishwa kazini, na nilipojifungua nilipata likizo yangu. Lakini yule mama hakupongezwa. Baadhi ya wenzetu walimnunia. “Umetuvua nguo mbele ya wanaume,” walimwambia. Yeye akaendelea kubangua. “Aliyevuliwa ni huyu mliyemwona anatoka na kanga yake, nanyi mkanyamaza,” alijibu, na hakulirudia tena jambo hilo.

Nimewaza sana tangu maziko. Mtwara imebadilika. Tangu gesi ianze kusafishwa kule Madimba, tunaishi na watu wa kila mkoa, na dada zetu wa maofisini wanapeleka barua ya hospitali mezani kwa bosi bila aibu. Sheria yao na yetu ni moja. Wao wamezoea kuiambia hali zao, sisi tunaificha zetu, halafu tunashangaa imetupita. Sisemi tuache stara, maana marehemu alikuwa mtu wa stara kuliko wengi. Ila alijua stara inayomnyima mama riziki imeshatumiwa na mtu mwingine kwa faida yake. Hata yule msimamizi, naamini hakuwa mtu mbaya. Alimhurumia mtu bila kumuuliza, na huruma yake ikamfukuza mtu huyo kazini.

Pale msibani alikaa karibu nami msichana mgeni wa meza yetu. Alininong'oneza, “Dada, moshi wa kukaangia korosho unanitapisha siku hizi.”

“Umemwambia nani?”

“Nani tena? Mambo haya yanasemwa?”

“Yanasemwa. Kesho tutakwenda wote. Nitaanza mimi.” Alinitazama kwa mashaka, maana anajua mimi si msemaji.

Aliyetutoka ametuachia funzo hili: haki ya mfanyakazi inataka isemwe mapema, na mwenzake akiwa pembeni anasikia. Asubuhi tulikwenda. Msimamizi aliinua uso, nami nikasema: “Mwenzetu huyu ni mjamzito, na anataka kuendelea na kazi.”