Jirani na Maua Yake ya Kipepeo

Mama yangu alitoka Lushoto kuja Toronto kunilea uzazi, siyo kulea maua ya watu. Hilo nalisema mapema. Mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza kazaliwa, mume wangu anashinda kazini, na ghorofa zima la Flemingdon Park sikuwa na mtu hata wa kumwomba chumvi. Nilimtaka mama awe wangu peke yangu mpaka viza iishe.

Mwanzoni nilimfaidi: uji wa pilipili manga, kukandwa maji ya moto. Kisha akamwona bibi wa mlango wa pili. Bibi huyo alikulia milimani, California, na kwenye roshani yake alipanda mayungiyungi ya porini ya huko kwao. Kikonyo chembamba, petali tatu zimekaa kikombe, ndani zina madoa kama bawa la kipepeo. Akatuambia yanaitwa mariposa. Mama akabaki kumkodolea macho. Bibi akaunganisha vidole gumba, akapepesa viganja.

"Kipepeo!" mama akapiga kelele.

Basi, nikampoteza. Kila asubuhi akishamwogesha mtoto, anajitanda kisutu chake, huyo! Hawana lugha hata moja ya pamoja, lakini vicheko navisikia ukutani. Mimi na yeye tuna Kiswahili chote, na Kisambaa juu yake, tukikaa tunaongea nepi. Jamani, wivu uliniwaka! Wenzangu wanagombea mume, mimi nagombea mama na bikizee wa watu.

"Mama, si uhamie huko huko?" nikamwambia siku moja.

"We mtoto una gubu," akajibu, akaenda zake.

Siku ya kuondoka aliniachia chungu kimoja. Udongo mkavu, hata jani hamna.

"Yameshachanua, sasa yamelala. Ukitia maji yanaoza."

"Mpaka lini?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Mama, na wewe unajua!"

"Najua, na sikuambii." Akaendelea kufunga sanduku. "Mimi nakwenda zangu, mwanangu. Hapa unabaki na nani?"

Nilinuna mpaka uwanja wa ndege. Niliporudi nikatafuta kile kisutu nyumba nzima, angalau ninuse harufu yake, nisikione. Chungu nikakisusa. Nikaapa kwamba kwa yule bibi sigongi ng'o.

Miti ya bondeni ilipogeuka myekundu, nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yanauma. Nikambeba mtoto, nikagonga.

Bibi alifungua. Alijua fika kuwa mama kaondoka, lakini macho yake yalinipita begani, yakamtafuta kwenye korido. Machozi yakamlengalenga. Hata hayo niliyaonea wivu, maana mimi nilikuwa bado sijamlilia mama.

Akanionyesha kiti karibu na vyungu. Kimetandikwa kisutu cha mama.

Nikakikalia, nikalia, hata habari ya maji nikasahau kuuliza.