Bega la Kunipokea

Ndugu zangu, sifa kwa Mungu aliyenisimamisha mbele yenu kwa miguu yangu miwili.

Vita vilipofika kwetu milimani, Kivu ya Kusini, vijana wote walipewa bunduki. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimetoka kubatizwa, maji ya mto bado yamo masikioni. Walinipiga siku tatu. Mwishowe kamanda akachoka. "Bon, basi," akasema, "hushiki bunduki, utashika machela."

Nikabeba majeruhi miaka miwili, mlima kwa mlima, damu yao ikinitiririkia shingoni. Desturi mnaijua: mbebaji aliyechoka husema "Nipokee," na mwenzake huingiza bega bila kuuliza. Mimi neno hilo sikulisema hata mara moja. Wenye bunduki walinidhihaki, wakaniita bibi harusi, nami nikaapa hawataniona nimechoka.

Kiapo kile kilivuka bahari pamoja nami. Hapa Marekani, mji wa Buffalo nilikaa msimu mmoja wa baridi, nikaondoka. Columbus, mtaa wa Linden, nilifanya kazi ya kuinua wazee vitandani. Hapo ndipo mgongo ulipoanza kuuma, kama msumari kati ya mbavu. Badala ya kwenda kwa daktari, nilihama tena. Hapa Louisville nikaingia kazi ya ghalani, mtaa wa South End, nimejifunga mkanda, nameza vidonge vya maumivu kama karanga. Nilikonda. Niliamka shuka imelowa jasho. Mke wangu, Mama Neema, aliponisihi, nilimwambia ni baridi ya Buffalo haijatoka mwilini.

Jumapili moja asubuhi nilianguka bafuni. Nilikuwa nimejikojolea na sikuhisi kitu. Nilishika ukingo wa beseni niinuke, miguu ikakataa. Nikajaribu tena, na tena. Mama Neema alisimama mlangoni akinitazama.

"Baba Neema, machela ni ya wengine tu?"

Nililia. Kisha nikasema, "Nipokee."

Aliita majirani badala ya kuita ambulansi, ndivyo tulivyolelewa. Wanaume wanne wakaja na blanketi na mipini miwili ya fagio, wakabishana nani atangulie, wakanishusha ngazini hadi kwenye gari la mmoja wao. Nanyi mliokuwepo msijifiche, nawaona.

Hospitalini, daktari hakucheka. Alisema kifua kikuu kimekula mifupa ya uti wa mgongo, na safari ile ya ngazini ingeweza kuninyima miguu milele. "Lakini ungekaa kimya wiki nyingine," akaongeza, "nisingekuwa na la kuokoa."

Walinipasua, wakaniwekea vyuma. Mwaka mzima nilimeza dawa, mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilipotikisika mara ya kwanza, Neema alikimbia kumwita mama yake. Nikajifunza kutembea upya, nimeshikilia fremu, nikigombana na kila hatua.

Kutulia bado sijajua. Moyo wangu ungali unatafuta mlima mwingine. Ila nimeelewa hili: kukataa bunduki kulikuwa imani, kukataa bega la mwenzangu kulikuwa kiburi, na nilivichanganya miaka yote hiyo.

Kikohozi, jasho, kukonda, mgongo usiopoa: nendeni hospitali. Mtu akianguka, acheni mipini ya fagio, iteni ambulansi.

Sasa nimesimama muda mrefu na vyuma vimeanza kuuma. Mama Neema, njoo. Nipokee.