Watoto Wale Wale

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya kiwanda kimoja cha pamba hapa Bariadi, mume na mkewe wakaingia kuomba kibarua cha msimu. Mume alipotajiwa malipo, akatikisa kichwa.

“Bosi, nina watoto wanne.”

Akaongezewa palepale. Mke naye akasema, “Na mimi nina watoto wanne.”

Bosi akashangaa kweli. “Sasa mayu, mama yangu, si ndio hao hao? Baba yao nimeshamwongeza.”

Mama akakaza kanga kiunoni. “Sawa. Basi na zamu yangu ataifanya yeye.”

Mpaka leo sielewi. Watoto wale wale, kwa baba ni sababu ya kuongezwa, kwa mama ni sababu ya kunyimwa. Nikamtazama mume, labda yeye ameelewa. Alikuwa anatazama viatu vyake.